Maziwa yaliyoharibu simiti ya kuzibia shimo la gesi, Garsen

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hili jambo nimelibeba tangu miaka ya tisini mwishoni, baada ya ile mvua kubwa iliyotufanya tupande mitumbwi kwenda msalani. Sitaongeza chumvi. Sehemu zinazotia aibu ni zangu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kudanganya.

Mimi ni Mpokomo wa kijiji cha Idsowe, sisi ni wakulima wa kando ya mto. Huko nyikani upande wa Garsen kulikuwa na shimo refu lililochimbwa zamani na watu waliokuwa wakitafuta mafuta. Hawakuyapata, wakaliziba kizembe, wakaenda zao. Mafuriko yalipopita, lile shimo likaanza kutoa mapovu ya gesi na maji ya chumvi yanayonuka. Ng'ombe wakanywa, wakafa.

Wengi wa waliokufa walikuwa wa Mworma mmoja, Mzee Barisa. Mtu wa makamo, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza kama walivyo wafugaji wengi wa kwetu. Kila asubuhi alikuja kusimama karibu na shimo, anatazama tu.

Basi ikaletwa timu ya kuliziba upya. Nikaajiriwa kusimamia mtambo wa kuchanganyia.

Mkuu wa ufundi alikuwa mama mmoja wa Kikamba, Injinia Mwende. Huyu alikuja na mambo mapya. Sehemu ya simiti aliitoa, mahali pake akaweka majivu ya makapi ya mpunga. Alituambia kwamba simiti hupatikana kwa kuchoma mawe kwenye tanuru kali, na moshi wake unachafua hewa ya dunia nzima. Kila gunia tutakaloliacha, alisema, ni moshi ambao haukutoka.

Tulimcheka wakuu, siwafichi. Sisi barabara yote imekatika, mtu anatuambia habari za hewa ya dunia!

Lakini makapi yalikuwa tele kwenye mashine za mpunga, na shangazi yangu Mama Habiba na wenzake wakapewa kazi ya kuyachoma. Ni kazi ya subira. Moto ukiwa mdogo majivu yanabaki meusi, ukizidi yanakufa nguvu. Wakayapatia hasa, na nikaacha kucheka.

Injinia alikuwa na amri moja kali: sukari isikaribie mtambo. Sukari kidogo tu inaizuia simiti kushika. Chai tulinywea mbali, na mimi ndiye nilikuwa askari wa amri hiyo. Nilishamfukuza mpishi na birika lake mbele ya watu.

Sasa sikilizeni nilivyofanya.

Siku ya kumwaga tabaka la juu kabisa, tangi limejaa uji wa simiti, Injinia akaitwa kwenye redio ya mawasiliano. Mzee Barisa akaja na vibuyu vitatu vya maziwa.

"Kijana yangu," akaniambia, "shimo hii imekula ng'ombe yangu. Kwetu kitu kama hii hatufungi mkono mtupu. Wacha mimi naweka maziwa, naomba Mungu, isifunguke tena."

Nikamtazama yule mtu na hasara yake yote. Moyo ukaniuma. Nikajiambia, maziwa si sukari. Nikampisha.

Akasema bismillahi, akayamimina yote tangini. Injinia aliporudi tulikuwa tumeshaanza kumwaga shimoni. Sikusema kitu. Niliona si habari ya kusema.

Kesho yake tukatumbukiza fimbo ya chuma. Ikazama kama kwenye uji wa mtoto. Keshokutwa yake, vilevile.

Msimamizi wa kazi, ambaye tangu mwanzo hakuyapenda yale majivu, akapata la kusema. "Si niliwaambia? Majivu ni ya kuoshea sufuria!" Akaagiza simiti tupu kutoka Mombasa. Kina shangazi wakaambiwa wazime moto, waende nyumbani. Injinia Mwende alikaa chini akirudia hesabu zake, hajui alipokosea. Nilimsikia akijisemea, "Labda mtu kamwaga soda, chai, maziwa, chochote chenye sukari..."

Chochote chenye sukari. Maziwa. Kumbe nayo yana sukari yake ya asili.

Na bado nikanyamaza, wakuu. Niliogopa kufukuzwa kazi, hilo moja. La pili, wakulima na wafugaji kwetu huwa tunagombania njia za kufika mtoni, na nilijua neno "Mworma kaharibu shimo" lingefika mbali kwa siku moja. Nikajidanganya kwamba kunyamaza kwangu ni kulinda amani.

Siku mbili baadaye mchunga ng'ombe mmoja akapita, akatuambia Mzee Barisa anahama. Anakwenda Chewele kwa wakwe zake, na mke na watoto na ng'ombe waliobaki. Anasema alitoa maziwa yake kwa moyo safi na Mungu ameyakataa, kwa hiyo ardhi ya babake imemkataa.

Hapo nilishindwa. Mficha uchi hazai. Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Injinia na kumweleza yote.

Nilitegemea matusi. Akasema tu, "Ungeniambia siku ile ile, ningeumwaga tu ule uji tuchanganye upya. Lete makopo mawili."

Tukachanganya kidogo kidogo, simiti na majivu. Kopo moja tukalitia maziwa. Kesho yake moja lilikuwa jiwe, la pili tope. Msimamizi akayagonga yote mawili, akaguna, akasema kina mama warudi. Mimi nikatolewa kwenye mtambo, nikapelekwa kuchunga majivu na shangazi, na huko nilitaniwa mpaka nikakoma.

Lakini kabla ya hapo, mimi na Injinia tulikwenda kwa Mzee Barisa na yale makopo. Tukakuta mikeka ya kuezekea nyumba yake imeshakunjwa, iko juu ya punda.

Nikamweleza. Akatia kidole kwenye kopo la tope. Akaligonga lile la jiwe.

"Sasa," akauliza, "Mungu hajakataa mimi?"

"Hajakukataa, mzee. Kosa ni langu. Nilijua siku mbili nzima na sikusema."

Akajifunika uso kwa shuka lake, akalia. Mkewe hakungoja aambiwe. Alianza kufungua kamba za punda.

Shimo tulilisafisha, tukalimwagia upya kwa mchanganyiko ule ule wa majivu. Likashika.

Nilichojifunza: kumpisha mtu aliyeumia aombe dua yake, hilo nilishajisamehe. Kumwacha akunje nyumba yake kwa sababu mimi naogopa kusema, hilo bado linaniuma hadi leo.

Wataalamu wa simiti mlioko humu, nisahihisheni nilipoteleza. Na nyinyi wengine, kuna aliyewahi kunyamaza mwenzake akaumia? Nambieni mlitokaje.