Mtu wa Kuarifiwa

Ukimwambia mtu wa Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kwamba Jepkemei hupanga safari za meli, atacheka kwanza, halafu akuulize ni meli gani na itapita wapi. Kutoka mezani kwake hadi baharini ni siku nzima kwa lori, na maji mengi kuliko yote anayoyaona dirishani ni yale ya tangi la jirani. Lakini kazi yake ndiyo hiyo. Ameifanya miaka kumi na mmoja, akiwa na kompyuta moja, madaftari manne na sweta mbili, maana asubuhi za Lanet hazina huruma na mtu.

Taasisi iliyomwajiri hupima mikondo ya bahari. Si mawimbi ya ufukweni ambayo kila mtalii hupiga picha. Ni maji ya chini kabisa, karibu kilomita tatu kwenda chini, yanayotembea gizani polepole bila kumwambia mtu yanakokwenda. Ili kuyapima, kamba ndefu husimamishwa ndani ya bahari: chini inashikwa na uzito, juu inavutwa na maboya ya manjano, na katikati vimefungwa vipimo. Karibu na ule uzito kuna chombo chenye masikio. Meli ikirudi baada ya miaka miwili hukiita kwa mlio wake, nacho huitika, kikauachilia uzito, na vyote huelea juu. Uzito tu ndio unaobaki huko chini, na hakuna anayeufuata.

Jepkemei ndiye anayehesabu kila kitu. Anajua kamba itarefuka kiasi gani ikivutwa, anajua kinachohitajika mwanzo lazima kipakiwe mwisho, na anajua kwamba ukisahau pingu moja ya chuma ya kuungia kamba, huko mbele hakuna duka la kukimbilia. Safari tatu amezipanga hivyo hadi kijiko cha mpishi. Hajapanda hata moja. Mama yake alikuwa mgonjwa wa sukari, mguu mmoja umekatwa, na mtu wa kumdunga sindano asubuhi na jioni alikuwa yeye. Mara zote tatu alijaza fomu ya safari kama wengine, na mara zote tatu akampa mtu mwingine kitanda chake. Hakuwahi kulalamika. Ukweli ni kwamba alilalamika sana, ila ndani, na Mama alisikia.

Mama alifariki mwezi wa pili. Walimzika Molo, kwenye baridi na matope, na siku hiyo hiyo Weldon, ndugu wa pekee wa Jepkemei, alisema mbele za watu kwamba Jepkemei alijificha nyuma ya ugonjwa wa Mama kwa sababu hakuna mahali pengine alipotakikana. Wazee walimnyamazisha. Lakini neno likishatoka halirudi, na hilo Jepkemei alirudi nalo Lanet.

Safari ya nne ilipangwa kuondoka Mombasa mwezi wa tisa. Vitanda vya watafiti vilikuwa kumi na sita, na cha kumi na sita kilikuwa chake. Sasa hakukuwa na wa kumzuia. Hilo lilimwuma kuliko alivyotarajia.

Uzito wa kamba hizo ni magurudumu ya treni yaliyochakaa, mazito, ambayo hayana kazi nyingine duniani. Na magurudumu ya treni, Nakuru haikosi. Jepkemei alienda mwenyewe kwenye yadi moja ya vyuma vikuukuu karibu na reli, akamkuta mlinzi wake, mzee Mwaura, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na tatu. Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya sufuria iliyotoboka.

Mwaura alichukua nyundo yake akaanza kugonga, moja baada ya jingine, shingo imeinama upande.

"Mzee, usijisumbue," Jepkemei alimwambia. "Hata yenye ufa yatafaa. Yanazama tu."

"Yakizama si ndio mbaya zaidi? Nani atayaangalia huko?" Akaendelea kugonga. Alichagua kumi na mawili, akayaandika namba kwa chaki. Kisha akauliza, "Yanachukua muda gani kufika chini?"

"Kama dakika ishirini na kitu."

"Ishirini!" Mwaura alitikisa kichwa, akampa namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi ya unga. "Sasa wewe mama, yakifika, utanipigia? Nijue tu yamefika. Mimi hapa sina mtu ananipigia isipokuwa hawa wa kusema nimeshinda zawadi."

Jepkemei alicheka, akasema atampigia. Karatasi akaitia kwenye daftari la magurudumu.

Fomu ya safari ina mistari ishirini na miwili. Wa kumi na tisa unauliza jina na simu ya mtu wa kuarifiwa kukitokea jambo. Na mstari huo una historia. Kwenye safari ya pili, mpishi mmoja, Joash, alianguka jikoni akapooza upande mmoja. Namba aliyokuwa ameandika ilikuwa imekufa, na mke wake alikaa siku nne akiosha vyombo na kuimba bila kujua. Jepkemei alipompata hatimaye, yule mama hakulia. Aliuliza tu, "Siku nne?" Kuanzia hapo Jepkemei akaweka sheria yake: kila namba itapigwa kabla ya safari, mwenyewe ashike, aseme anakubali. Asiyeshika, mtu wake hapandi. Watu walinung'unika, naye akawaambia meli haiendi na mistari mitupu.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Jumatatu ya wiki ya mwisho kabla ya safari Jepkemei alifika mstari wa kumi na tisa kwenye fomu yake mwenyewe, akakuta kompyuta imejijazia kama miaka yote: Tabitha Jerop, mama mzazi.

Alifuta. Akampigia Weldon. Simu alishika Joyline, mke wake, akasema Weldon ako shambani anavuna viazi, atapiga akirudi. Jumanne hakupiga. Jumatano hakupiga. Viazi gani hivyo visivyoisha? Jepkemei alipitia majina yote kwenye simu yake: fundi wa tangi, muuza maziwa, mhasibu, mwenye nyumba, watu kumi na tano ambao wote wangekuwa ndani ya meli hiyo hiyo. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na hakuwa na mtu wa kuambiwa amekufa. Alijisemea hivyo kwa sauti, jikoni, na akaona aibu kana kwamba kuna aliyesikia.

Alhamisi aliirudisha namba ya Mama, akatuma fomu Mombasa. Alijua ni uongo. Ile simu bado ilikuwa kwenye kabati la vikombe. Aliichaji kila Jumapili, kwa sababu akina mama wa kanisa bado hutuma mistari ya Biblia, na hakuwa amepata moyo wa kuwakatiza.

Ijumaa saa tisa na robo mchana alikuwa akimenya viazi jogoo alipowika kabatini. Ndio mlio ambao Mama aliuchagua, akisema simu nyingine zinalia kama wagonjwa. Jepkemei hakugeuka hata. Aliita, kama alivyoita miaka kumi na mmoja, "Mama, simu yako!"

Ndipo kisu kikamponyoka. Jogoo alipokaribia kunyamaza alifungua kabati, akaishika simu, akasema hello.

"Hello, shikamoo mathe. Pole kukusumbua. Naitwa Quincy, ofisi ya meli Mombasa." Ni kijana wa ofisini ambaye Jepkemei mwenyewe alimfundisha kazi, akiuliza maswali aliyoyaandika yeye. "Unamjua Jepkemei?"

"Namjua."

"Sawa. Na kukitokea kitu huko baharini, utapatikana kwa hii namba?"

Neno moja tu lingetosha. Jepkemei alimwona mke wa Joash, mikono ina povu la sabuni.

"Hapana," alisema. "Hatapatikana. Quincy, ni mimi."

Orodha ya Quincy ilikuwa na jina la msafiri na namba ya kupiga tu. Yeye ndiye aliyekusanya rambirambi ofisini mwezi wa pili.

"Madam," alisema kwa upole, "orodha inafungwa saa kumi. Unajua vile wewe huwa unasema."

"Najua vile huwa nasema."

Alibaki na dakika arobaini. Alizitumia kumi kulia, na sioni ubaya wake. Kisha akarudi kazini, kwa sababu magurudumu yalikuwa yanapakiwa Jumamosi na lazima alinganishe namba, akafungua daftari. Karatasi ya unga ikadondoka.

Alipiga ile namba, na Mwaura akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mimi nikipigiwa, nitafanya nini?"

"Hakuna, mzee. Ni ujue tu."

"Hiyo naweza." Akafikiri. "Lakini mimi nalala mapema. Wapige mara mbili."

Penye jina aliandika Mwaura, na penye uhusiano akaandika: aliomba apigiwe. Akatuma saa kumi kasoro dakika sita. Nyumba ilikuwa kimya vilevile, viazi vimeanza kubadilika rangi kwenye sinia.

Quincy alipiga saa kumi na dakika mbili.

"Ameshika, madam. Mlio wa kwanza tu. Amekubali, uko ndani. Lakini amekataa kitu kimoja."

"Kipi?"

"Anasema sisi tusimpigie. Ati anataka kupigiwa na wewe."

Jepkemei akasema sawa, akakata simu upesi, maana Quincy hakuwa amewahi kumsikia akilia, na hakukuwa na haja aanze leo.