Njiwa wa Bibi

Mimi na bibi, mama yake baba, tulisoma darasa moja la kipaimara huku kwetu Vudee, na mtundu wa darasa hakuwa mimi. Bibi alivaa shingoni rupia ya fedha ya enzi za Wadachi, imetobolewa na kutiwa ugwe wa ngozi. Ilichorwa mzungu mwenye masharubu, na juu ya kofia yake ndege aliyekunjua mabawa.

"Huyu ni mtume," aliwaambia wanawake mferejini. "Roho anamshukia kama njiwa."

Wakaamini. Wajawazito walikuja kuigusa, mikono yao haikuwa mitupu. Njiwa gani mwenye kucha zile sikuuliza, maana ndizi mbivu walizoleta nilizila mimi.

Kisha akaja mwinjilisti mpya, kijana msomi. Alimwamkia bibi kwa adabu, halafu macho yakamtua shingoni.

"Bibi, huyo si mtume. Ni mfalme wa Wadachi, na ndege ni tai wa dola yake. Mwenye sanamu ya Kaisari shingoni hasogelei meza ya Bwana."

Nilimchukia papo hapo. Kipaimara kilikuwa Jumapili ile, na gauni jeupe la bibi lilikwisha shonwa.

Jumapili bibi akatokea na shilingi ya Mwingereza kwenye ugwe uleule. Kichwa cha mfalme kimelala kifuani, mbele yuko simba na milima yake.

"Na huyo je, bibi?" mwinjilisti akauliza mlangoni.

"Simba wa Yuda, mwalimu. Milima si unaiona, ni Shengena hii."

"Huyo ni simba wa Serikali."

"Wa Serikali? Mbona kila Jumapili mnampitisha kwenye sahani ya sadaka, kisha mnamwombea?"

Wazee wa kanisa wakaanza kukohoa. Mwinjilisti alijikaza, akashindwa, akacheka na kumpisha.

Tukirudi nyumbani nilimwuliza bibi kama kweli alidhani yule mzungu ni mtume. Akaingiza mkono ndani ya gauni, akatoa rupia. Kumbe alikuwa amepiga magoti nayo madhabahuni.

"Namjua huyu vizuri. Babu yako alimbebea mizigo vitani. Mwenyewe hakurudi, ikarudi hii, mkononi mwa mwenzake." Akaifuta kwa kidole gumba. "Ningesema ni ya mume wangu, wangenionea huruma. Nikasema ni mtume, wakaniletea ndizi."