Bido ya Maji Kutoka Tchomia

Watu wakiingia kwangu hapa Bunia kupimisha nguo, wanaangalia kwanza akwariumu, kisha wananiangalia miye, na swali ni lile lile: "Mama, samaki iyi itakomala lini?" Nawajibu imeisha kukomaa. Urefu wa kidole, basi. Wanacheka. Wacheke. Nimeshona miaka mingi pembeni ya kile kioo, na bila hawa samaki ningekuwa nimetukana nusu ya wateja wangu.

Bwana yangu ndiye aliwaleta. Alikuwa dereva wa kamyo kwenye njia ya Nia-Nia. Siku moja gari ikakwama karibu na kijito ndani ya pori, maji rangi ya chai, chini majani matupu yaliyooza. Akaona samaki wadogo, na jike tumbo lake jekundu kama limepakwa rangi ya midomo. Akavua watano kwa kipande cha chandarua, akawatia ndani ya bido, lile dumu la plastiki. Alifika nyumbani ana matope mpaka kwenye nyusi, anabeba ile bido kama mutoto mchanga. Nilimuuliza, "Na makemba niliyokuagiza?" Zile ndizi za kupika alikuwa amezisahau. Niligomba siku mbili.

Watatu walikufa mwezi wa kwanza, juu tuliwawekea maji ya foraje, yale ya kisima cha pompi. Ukifua nayo, sabuni inakataa kutoa povu. Ni maji magumu, na kule porini maji ni laini. Bwana yangu akanawa mikono na maji ya mvua, povu likajaa mpaka kwenye viwiko. "Ni iyi banatakaka," akasema. Toka siku ile tunatega maji ya mvua chini ya manjanja, yale mabati ya nyumba. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunaimwaga, inaosha vumbi na mavi ya ndege. Ya pili ndiyo tunaichunga. Ndani naweka majani makavu ya mapera na kipande cha nyungu iliyopasuka, na humo jike anajificha na mayai yake, anayabandika juu kama kwenye dari.

Watoto hatukupata, miye na bwana yangu. Mama mukwe, mama yake, hakunitupia hata siku moja neno juu ya ile. Ningeweza kuishi na maneno. Kile kimya chake ndicho nilikuwa sijui nikiweke wapi.

Mwaka uliopita bwana yangu aliugua, akafa. Samaki walikuwa wamebaki wawili, dume na jike, na jike amezeeka. Toka msiba alikuwa amebandika mayai mara mbili, mara mbili dume akayala. Hakuna mtu mwingine anayejua kile kijito kiko wapi. Kama huyu jike hatatoa watoto, nilijua, kitu alichokibeba kwa mikono yake kinaisha mbele ya macho yangu. Niliogopa, na sikumwambia mtu.

Basi, mara ya tatu jike akabandika mayai, na dume safari hii akatulia. Siku ya pili yake mama mukwe akafika kutoka Tchomia.

Yeye ni mtu wa ziwa. Amekausha samaki kwenye moshi maisha yake yote, na samaki asiyeliwa anamchekesha. "Weye binti, unakulishaka samaki, ao samaki inakulishaka weye?" Kwao mgeni hafiki mikono mitupu: alileta samaki wa moshi, alileta muhogo, na bido moja ya njano. Nilifikiri ni mafuta ya mawese. Nikaenda soko kutafuta uzi na vifungo.

Niliporudi, alikuwa ameketi mbele ya kioo, bido tupu kwenye magoti, anatabasamu.

"Nimeona mwanamuke amejificha mu nyungu, hakule, hatoke. Nikasema huyu iko mugonjwa, na ile maji, rangi gani ile! Nimemwanga nusu, nimemutilia maji muzuri ya ziwa. Ile mutoto yangu alikunywaka akiwa mudogo."

Maji ya ziwa, magumu kama ya foraje! Yoo, mama yangu ee! Damu ikanipanda kichwani. "Mama, umewaua! Nani alikutuma? Hawa si samaki wa kukausha!" Na nikaongeza neno linaloniuma mpaka leo: "Ni kitu kimoja tu aliniachia, na weye umekuja kukimaliza."

Aliweka bido chini polepole. Mama mukwe hagombezwi hivyo, hata mutoto mdogo anajua. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno ni vile vile.

Kesho yake mayai yalikuwa meupe kama pamba, yamekufa yote. Samaki wenyewe walipona, juu nilibadilisha maji kidogo kidogo. Nilishona huku nalia, nikaunga mkono wa blauzi ya mteja ndani nje. Mama aliniona, akauliza, nikamweleza habari ya sabuni na ya mvua ya pili. Alitoka nje kwenye baraza, akateka kikombe cha maji ya foraje na kikombe cha maji ya mvua, akachukua sabuni. Alinawa na moja, akanawa na nyingine, akaangalia povu muda mrefu.

"Kumbe," alisema, si kwangu.

Alirudi Tchomia na bido yake. Tuliagana kwa adabu sana, kama watu wasiojuana. Kila nilipopiga simu kuomba samahani alisema, "Haina shida, binti," kisha anakata.

Mvua zilipoanza akafika bila kutangaza, na ile bido ya njano imejaa. Nikasimama mbele ya kioo. Akaiweka pembeni ya mashini yangu, akachukua sabuni bila kuomba, akajimwagia maji kidogo kwenye kiganja, akasugua. Povu likajaa.

"Ya kwanza nilimwanga," alisema. "Iyi ni ya pili. Nimeitegea chini ya manjanja yangu."

Yale manjanja nayajua. Bwana yangu aliyapigilia mwenyewe, na miye nilisimama chini nampitishia misumari, namgombeza asianguke.

"Mama, utie weye."

"Apana. Nitaharibu tena."

"Utie tu. Pole pole."

Akatia kikombe kwa kikombe.

Siku chache zikapita, tumbo la jike likarudi jekundu, akaingia kwenye nyungu. Mama akakataa kuondoka. Kila asubuhi alileta kiti chake mbele ya kioo kama mtu wa zamu, na dume akikaribia nyungu anamtisha kwa kidole: "Weye, kaa kule!"

Asubuhi moja akaniita, "Kuja! Binti, kuja!" Jike alikuwa nje, na nyuma yake vitu vidogo kama mbegu za mchicha wa lengalenga vinaogelea. Nikaanza kuhesabu. Mama akanipiga mkono.

"Batoto hatubahesabu!"

Kisha akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Bajukuu yangu," akawaambia, "mukule, mukomale." Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitamka lile neno ndani ya nyumba yangu.