Dawa Alizoziacha Mwezi wa Ramadhani

Nilipokuwa mdogo nilianguka mfenesi. Palikuwa na mchezo wa ng'ombe, uwanja umejaa, na sisi watoto hatuoni kitu ila migongo ya watu wazima, basi nikapanda juu. Dume la kuchezewa lilipotolewa kila mtu alikimbia, na mimi nikasahau kama niko mtini, nikakimbia vilevile. Mkono wa kushoto ulivunjika. Fundi wa mifupa akanifunga vibanzi, akanikanda mafuta ya nazi, mama analia, na watu wanasema dume lenyewe siku ile halikuwa hata na hasira. Mkono ukapona, lakini ulipona kombo. Mpaka leo kiwiko hakinyooki.

Ndo maana yule muuguzi, siku watu wa afya walipokuja kwetu Wambaa kupima presha baada ya sala ya Ijumaa, aliponifunga lile tambara la mashine aliniuliza, "Babu, mkono huu una nini?" Nikaanza kumhadithia ng'ombe. Akanambia ninyamaze kwanza, mtu akisema presha hupanda.

"Basi huyo hamtompima mpaka kiama," akasema mmoja pale barazani. Watu wakacheka. Yangu ilikuwa juu kidogo, nikaandikiwa dawa.

Nyuma yangu alikuwa marehemu mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, tuliyemzika mwaka jana. Kazi yake kupanda mikarafuu na kuchuma, kifua kipana, na sijapata kumsikia akisema kichwa kinamuuma. Alikuja kunifuata mimi tu. Muuguzi akampima, akampima tena, akahamia mkono wa pili. Akaacha kucheka.

"Mzee wangu, huumwi na kichwa?"

"Siumwi na kitu."

"Ndo ubaya wake. Presha hii haipigi hodi. Inaulemea moyo kila siku na wewe hujui. Dawa utakula kila siku, uumwe usiumwe."

"Ana wake wawili huyo," wakamtania. "Mpimeni akiwa shamba, mtaona inavyoshuka." Hata yeye alicheka.

Dawa akala. Tukawa tunakwenda pamoja Chake Chake kupimwa, na yake ikashuka kuliko yangu, akawa ananicheka njia nzima. Kisha ikaja Ramadhani, na hapa ndo pana maneno.

Muuguzi alishatwambia dawa tuzihamishie usiku, baada ya kufuturu au wakati wa daku. Hata imamu alilisema juu ya mimbari. Mdogo wangu akakataa. "Kaka, saumu yenyewe dawa. Mwili ukifunga unajisafisha. Nitie sumu za kizungu tumboni mwezi mtukufu za nini?"

"Dawa unakula usiku, saumu iko mchana. Zimekutana wapi?"

"Haya, daktari," akanambia, na siku ile hatukusemeshana tena. Wala si yeye peke yake. Nyumba nyingi huku, ukiandama mwezi, dawa hupandishwa juu ya kabati, na futari mtu anakula ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi mpaka amekuwa mweupe.

Siku ya Idi alikuwa mwepesi, amepungua, anatembea kama kijana. "Nimepona," akasema. Za juu ya kabati hakuzishusha. Mkewe mkubwa alikuja kuzikuta zimeingia unyevu.

Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, miguu ikaanza kuvimba. Akasema ni kusimama sana. Kisha akawa hawezi kulala chali, anaegemea ukuta mpaka alfajiri, anahema kama katoka kukimbia. Zilipowiva karafuu akapanda mti, hakufika hata nusu, akashuka, akakaa chini na pishori lake la kutilia karafuu, tupu, begani. Hapo ndo akakubali nimpeleke hospitali.

Daktari alikuwa msichana wa hukuhuku, kwa maneno yake utamjua. Akampitisha ile mashine ya picha kifuani, kisha akamgeuzia kioo aone. Nilikuwa sijapata kuona moyo wa mtu aliye hai. Ulikuwa unajikokota.

"Baba, huu ndo moyo wako. Umesukuma damu kwa nguvu muda mrefu, sasa umetanuka, umechoka."

"Utarudi kama zamani?"

"Kama zamani haurudi. Lakini ukila dawa kila siku na chumvi ukaiacha, unaweza kuishi nao. Leo nataka ulale hapa tukutoe maji yaliyojaa mwilini."

"Ningekuja mapema?"

Yule msichana akaniangalia mimi kwanza, maana ndo mimi niliyemhadithia dawa za juu ya kabati. "Mapema ulikuja, baba. Kisha ukaacha."

Nilidhani mdogo wangu atauliza habari za wake zake, au watoto. Akauliza, "Na mikarafuu?"

"Kupanda, basi tena."

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi kungoja dirisha la dawa, kitanda chake bado kinatafutwa. Watu wengi, mtoto mmoja analia, mama mmoja anauliza kama hapa ndo pa kupima sukari. Mdogo wangu akaweka sawa kofia yake, akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kutema mate."

Nikamwangalia. Alikwenda polepole, anashika nguzo, anapumzika, anashika nyengine. Akapita getini, akashika njia ya mtaa wa Madungu. Mimi nikaitwa dirishani, nikapewa dawa zake, nikaelezwa ipi asubuhi na ipi jioni, nikarudi kukaa palepale. Hospitali ile hakurudi tena, mpaka siku tuliyomzika.