Ndoo ya Yaya

Unanisikia vizuri hapo ulipokaa? Basi nianze na munkoyo, kwa sababu bila hiyo hutaelewa jinsi kaka yangu alivyokosa kazi. Munkoyo ni kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi, kitamu kidogo, kichachu kidogo, na hakilevyi kikinywewa siku ileile. Hapa Shituru, mtaa wa mji wa Likasi, mashabiki wa timu yetu hukitumia kupigia kura. Hawaandiki, wala hawanyooshi mikono. Inapotafutwa kocha, kila anayependekezwa huwekewa ndoo moja uani kwa mama anayeuza munkoyo, Jumapili baada ya misa. Watu hubishana kwanza. Kisha kila mmoja huchota kikombe kwenye ndoo ya mtu anayemtaka, na ndoo inayokwisha mapema ndiyo inayotoa jina. Prezida, yaani mwenyekiti wa mashabiki, hulipeleka jina hilo kwa wakubwa wa timu, nao humsikiliza.

Kuna sharti moja tu. Anayependekezwa mwenyewe haji. Ndugu zake wanaweza kuja, lakini hawafungui mdomo. Ndugu akisema neno, zuri au baya, ndoo ya mtu wake inafunikwa, haichotwi tena. Wazee waliliweka sharti hilo ili familia kubwa zisizishinde ndogo kwa kelele. Mimi nafundisha shule ya msingi, kwa hiyo faida yake naiona.

Jumapili hiyo zilikuwapo ndoo mbili. Kazi yenyewe ilikuwa ya kocha msaidizi wa washambuliaji. Kocha mkuu hupanga timu nzima. Huyu hukaa na watu wa mbele peke yao, akawafundisha wakimbie lini, wasubiri lini, na waangalie nini kabla mpira haujawafikia. Tulikuwa na njaa ya mtu kama huyo. Mechi baada ya mechi tulifika mbele ya goli tukarudi mikono mitupu.

Ndoo ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja wa Lubumbashi. Ya pili ilikuwa ya yaya, ndivyo tunavyomwita hapa ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Yaya anafanya kazi kiwandani, kwenye shaba, na akitoka zamu hufundisha vijana kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya reli. Sijawahi kumwona akitaka kitu kama alivyoitaka kazi ile. Asubuhi hiyo alipiga pasi shati lake, kisha akakumbuka kwamba haendi popote.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, kikombe kitupu mkononi.

"Ule wa Lubumbashi iko na diplome," akaanza fundi umeme wa kiwandani, kwa Kiswahili chetu cha huku.

"Diplome inafungaka goli, papa?" akadakia mama muuza nyanya, ambaye hakosi mechi.

"Na bale betu ba mbele, banafungaka? Banafika ku goli sawa bantu banaogopa kuamusha mutoto!"

Wote uani wakacheka.

"Bon, weye mama, unamutaka nani?" fundi akamuuliza.

"Minye namutaka ule wa nyuma ya reli. Mutoto yangu alikuwa anacheza macho chini, chini, chini. Sasa eko anainua kichwa. Njo kazi ya ule muntu."

"Mutoto yako anainua kichwa juu ya kutafuta mabinti!"

Hata mimi nilicheka. Nikaanza kuamini kwamba ndoo ya yaya itakwisha mapema.

Ndipo akasema mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionisumbua. "Shiye bote tunamupenda ule. Lakini tuulizane. Kwabo ni wapi? Babu yabo alitoka Kasai. Siku akikumbuka kwabo, atatuacha."

"Atapanda train!" kijana mmoja akapaza sauti, na wenzake wakaangua kicheko.

Watu wa umri wangu na walionizidi hawakucheka. Waliangalia ndani ya vikombe vyao. Nikueleze sababu. Babu yetu aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya mgodi. Baba alizaliwa Likasi, yaya alizaliwa Likasi. Lakini ulikuja wakati, mimi ningali mgongoni mwa mama, watu wenye asili ya Kasai walipoambiwa waondoke. Familia nyingi zililala kwenye gare, yaani stesheni, kati ya magodoro na masufuria, zikingoja treni ya kuzipeleka Kasai. Yetu ilikuwa mojawapo. Mama alinisimulia kwamba yaya, mtoto wa shule wakati huo, alifunga mifuko ya plastiki ikawa mpira, akawa anaupitisha kati ya mizigo ya watu bila kugusa chungu cha mtu. Sisi hatukupanda. Jirani alikuja kutuchukua, akatuficha kwake mpaka mambo yakatulia. Wale vijana hawakuwa wabaya. Hakuna aliyewahi kuwaeleza treni zile zilibeba nini.

Nilingoja mtu ayarudishe mazungumzo kwenye mpira. Mama muuza nyanya alikaza upya kitambaa chake cha kichwa. Prezida alifuta miwani yake kwa ncha ya shati. Mzee wa reli akainuka na kikombe chake kuelekea ndoo ya kwanza, na viti vikaanza kusogezwa nyuma yake.

Nikasimama.

"Papa, kwabo ni hapa. Nyuma ya reli. Muulizane juu ya kazi yake. Nani hapa amemuona anafundisha?"

Prezida ananijua tangu utoto wangu. Aliivaa tena miwani yake.

"Mama mwalimu, unayua sharti."

"Nayua, papa."

Akachukua kifuniko, akakiweka juu ya ndoo ya yaya polepole, bila kukibamiza.

"Mama, nilikuwa nacheka tu," akasema yule kijana.

"Nayua," nikamwambia, na kweli nilijua.

Mama muuza nyanya aligeuza kikombe chake juu chini gotini, na hakunywa chochote siku hiyo. Wengine walikunywa. Ndoo ya kwanza ikakwisha.

Nyumbani nilimkuta yaya uani akijaza mpira upepo.

"Basemaka nini juu ya kazi yangu?"

"Habakufika ku mambo ya kazi, yaya. Balifunika ndoo yako."

Pampu ikasimama. "Nani alifanya bafunike?"

"Minye."

Nikamweleza yote, hata treni. Alisikiliza huku akiangalia mpira.

"Nilikuwa naitaka ile kazi, mudogo," akasema. Afadhali angenigombeza. Aliendelea kupampu mpaka mpira ukawa mgumu, haufai kuchezewa, kisha akaupunguza upepo akaanza tena.

Mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Sharti lenyewe silichukii. Lakini ndugu akinyamazishwa, lazima awepo mwingine wa kusema, na Jumapili ile hakuwapo.

Kwa hiyo siku ukikaa mahali watu wanapomchagua mtu wa kazi, nawe si ndugu yake, usingoje dada yake asimame. Likija swali la kwao ni wapi, inua mkono kabla hujachota, uulize kwa sauti: nani hapa amemwona akifanya kazi?