Mwalimu Taratibu Apata Injini ya Bure

Wanafunzi wa udereva ndio waliombandika mwalimu wao jina la Taratibu, maana neno hilo halikumtoka mdomoni tangu mwanafunzi afunge mkanda hadi azime gari. Taratibu na klachi. Taratibu na kona. Lakini mama huyo mwenyewe taratibu hakuijua hata kwa sura: alitembea kama anayekimbilia basi, kicheko chake kilisikika mtaa wa pili, na jambo likimwingia kichwani, hapumui mpaka alishike kwa mikono yake.

Asubuhi moja alikuwa akimfundisha mpiga picha za harusi, mtu mzima na ndevu zake, hodari wa kila kitu isipokuwa ule mzunguko ulio karibu na soko, barabara nne zinapokutana. Akifika pale miguu yake husahau pedali ipi ni ya breki na ipi ya mafuta. Siku hiyo pia gari lilimzimikia katikati, na honi zikalia nyuma yao kama msafara wa bibi harusi.

"Nisamehe, mwalimu," alisema huku jasho likimchuruzika. "Leo akili yangu haipo hapa. Ile kampuni kubwa ya kompyuta imetangaza inatoa injini bure."

Taratibu aligeuka mzimamzima. "Injini? Bure? Inaingia kwenye gari kama hili?"

Asichekwe. Gari la shule lilikuwa likitoa moshi kama jiko la kuni, na mumewe, fundi magari, alikuwa amelifungua na kulifunga hadi amelichoka.

Mpiga picha alicheka mpaka akasahau kuogopa. Akawasha, akaingiza gia, akatoka kwenye mzunguko bila kujitambua. Walipoegesha pembeni ndipo akamweleza kwamba injini yenyewe si ya chuma. Ni programu ya kutengenezea gemu. Wewe unaweka barabara, nyumba na magari. Yenyewe inajua kwamba kitu kikiachiwa kinaanguka, na gari likigonga ukuta linasimama.

"Za bure zilikuwepo," alisema, "ila sasa jitu zima limeingia uwanjani, na wale wa zamani nao wamejifunga vibwebwe. Kila mmoja anaongeza mapya. Sisi watumiaji ni kuchagua tu! Na hawa wameweka masomo kwa Kiswahili."

Taratibu alikuwa ameukodolea macho mzunguko. "Naweza kuuweka ule humo ndani?"

"Unaweza, kwa nini usiweze?"

"Na mwanafunzi akazimisha gari kutwa nzima, asipigiwe honi na mtu?"

"Honi ukizitaka, mwalimu, unaziweka mwenyewe."

"Basi twende shuleni haraka!" alisema, kisha akajishika. "Yaani... wewe endesha. Taratibu."

Mchana huohuo, kwenye kompyuta aliyotumia kufundishia alama za barabarani, akaipakua, na jioni akaibeba kompyuta hadi nyumbani. Mumewe aliingia na mikono yake myeusi kwa grisi, akamkuta mezani, sahani zimesukumwa pembeni.

"Mama, nasikia umepata injini."

"Nimepata. Iko humu."

Fundi akainama, akachungulia nyuma ya kompyuta. "Inakunywa petroli au dizeli?"

"Inakunywa bando."

Kuanzia hapo, kila alipopata nafasi kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, Taratibu alikuwa kwenye masomo yake. Gari lake la kwanza lilizama ardhini kama jiwe majini, kwa kuwa alisahau kuiambia barabara iwe ngumu. La pili lilipaa, likapita juu ya mapaa likiwa limewasha indiketa. "Baba, njoo uone!" alipiga kelele, na mumewe akaja mbio na spana mkononi akidhani kuna hatari. Akamkuta mkewe anapiga makofi.

Fundi alikuja kutania, akanasa. Aliposhuhudia gari linazimika ghafla kwenye kioo cha kompyuta, alitikisa kichwa. "Hapana. Gari halizimiki hivyo. Linatetemeka kwanza, linakohoa, ndipo linakata roho." Akavuta kiti. Kesho yake alikwenda chini ya boneti na simu, akarekodi kikohozi cha gari la shule, na sauti hiyo ikaingizwa kwenye gemu.

Mzunguko wa kwenye gemu ulipokamilika, mpiga picha ndiye aliyekaribishwa kuujaribu. Aligonga nguzo ya taa, akagonga kibanda cha matunda, akagonga nguzo ileile tena, na wanafunzi waliosimama nyuma yake wakawa wanashangilia kila ajali. Kidogo kidogo akaacha kugonga. Akapita mara moja safi, akaomba arudie, akapita tena. Akasimama ghafla: "Mwalimu, twende ule wa kweli sasa hivi, kabla sijapoa!"

Wakaenda. Alisubiri, akatazama, akaachia klachi, akazunguka na kutoka, gari likinguruma vizuri tu.

"Mwalimu," aliuliza wakiwa mbali, "mbona leo hukusema taratibu?"

"Ningesemaje, nilikuwa nimebana pumzi!"

Wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Habari ikafika kwa dada mkubwa wa Taratibu, mshona mapazia, aliyekuwa ameapa kwamba usukani hataushika maishani. Jumapili akaja kusalimia, miwani puani, akaketi mbele ya kompyuta kwa dakika moja tu, alisema. Chai ikapoa. Aliuzunguka mzunguko upande usiotakiwa, akawatukana madereva wa humo ndani, akalirusha gari jekundu la kwenye gemu juu ya bustani na kucheka kama msichana.

"Mdogo wangu," alisema hatimaye, bila kuondoa macho, "kesho nakuja shuleni kwako. Niandikishe. Lakini mimi nataka gari jekundu kama hili."

Taratibu akamkumbatia huku akirukaruka. Fundi aliweka kikombe chini, akatoka nje kulitazama gari la shule, ambalo rangi yake haikuwa na jina tena, akalizunguka polepole, kichwa kikiwa upande, akipiga hesabu ya makopo ya rangi.