Tulivyomtengenezea Bibi Jiko

Bibi alipoteleza kwenye maji ya mchele akaanguka jikoni, nilicheka kwanza, kisha ndipo nikakimbia kumwinua. Sijivunii. Lakini alianguka akakaa kitako, miguu mbele kama mtoto wa chuo cha Kurani, sufuria bado kaishika, na mimi nina ugonjwa huo: kitu kikichekesha hucheka, hata msibani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika.

Tuliishi watatu katika nyumba ya Bibi hapo Kibokoni, mtaa wa mji wa kale: yeye, mama na mimi. Jiko lilikuwa nyuma, chumba kirefu chembamba, na hata mimi niliyekulia humo nililionea haya. Kuta nyeusi kwa masizi ya miaka. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari tangu babu yu hai, kwa sababu ya paka. Sakafuni, mbele ya jiko la makaa, palikuwa na ufa wa kuingia kidole gumba cha mguu. Na ukutani Bibi alipanga makopo yake ya maziwa ya unga, yameshika kutu, kila moja limefungwa mipira ya kufungia noti: hili mpira mmoja, lile miwili, jingine mitatu. Nilikuwa nikimwambia, "Bibi, hayo makopo yataka kutoroka, mbona wayafunga hivyo?" Naye hunijibu, "Utatoroka wewe kwanza, na hutarudishwa."

Tulikuwa tukichekeshana hivyo kutwa. Kipaji changu kikubwa ni kugeuza uso: naweza kuwa mwalimu wetu wa hisabati, naweza kuwa samaki changu aliyeoza. Mama akiwapo, Bibi alikuwa akicheka mpaka ashike mbavu. Tukiwa wawili tu, alikuwa haniangalii wala hacheki. Nilidhani ameshanichoka.

Mkono ulipovunjika, mama mkubwa, dadake mama, alikuja kutoka Malindi asubuhi ya pili. Hakukaa. Alisimama mlangoni mwa jiko, buibui kaikunja ili isiguse ukuta.

"Hili ndilo litakalomuua mama," alisema.

"Mama haendi popote," mama yangu akajibu, maana alishajua maneno yaendako.

"Basi litengenezeni. Namchukua mpaka afunguliwe plasta. Siku nitakayomrudisha nikikuta ni hili hili, nageuza naye pale pale mlangoni. Na sitanywa hata chai."

Bibi alikuwa amekaa kitandani akijifunga mtandio kwa mkono wake mmoja mzima. "Jiko langu nalijua," alisema. "Mkitaka kupaka rangi pakeni. Vyombo vyangu msivihamishe."

Tulimwitikia, naam mama, naam Bibi, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Wakaondoka.

Sasa, mama hufanya kazi ya karani kwenye bohari moja Shimanzi. Mshahara wake aujua mpaka mwenye duka la chini, maana ndiye auchukuaye wote. Tulimwita fundi. Akaja, akagonga ukuta kwa kidole, akafyonza meno, akataja bei. Mama akamtilia kikombe cha pili cha chai, akamshukuru, akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi akavua buibui, akafunga leso kiunoni, akaniambia, "Umefunga shule?"

"Jana."

"Basi fundi ni wewe."

Ilikuwa likizo ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Wenzangu walikuwa ufukweni Mama Ngina kila jioni wakila mihogo ya kukaanga na kupiga picha. Mimi nilikuwa nakwangua masizi kwa brashi ya waya, nakohoa vitu vyeusi kama niliyeteketea ndani. Mama alikuwa akiondoka asubuhi akinipa kazi, akirudi jioni anaikosoa. Kule bohari aliomba mbao za kuwekea mizigo zilizovunjika, zile ambazo hutupwa nyuma, akazileta kwa mkokoteni, mwenye mkokoteni akilalamika njia nzima kuwa vichochoro vyetu vilijengewa watu wembamba. Niling'oa misumari, nikainyoosha kwa nyundo, nikaitumia tena. Vidole vyangu viwili vilibadilika rangi.

Tulikosea sana. Wiki ya kwanza tulipiga ukuta simiti, tukajipongeza. Siku ya tatu ikaanza kubanduka vipande vipande, ikidondoka yenyewe tukila. Jirani wa juu, mama mmoja ambaye mumewe alikuwa mwashi, akachungulia mlangoni akacheka. "Nyumba hizi ni za mawe na chokaa. Simiti hazikubali. Mwavalisha bi harusi mpira wa mvua." Tukaibandua yote, tukaanza upya kwa chokaa. Simiti iliyobaki tukaimwaga sakafuni. Nikauziba ule ufa kwa mkono wangu, nikailainisha sakafu kwa mwiko mpaka ikawa kama sinia.

Vigae tulipata bure. Duka moja la vifaa vya ujenzi lilikuwa likitupa maboksi yaliyopondeka njiani, nikaomba vipande, nikavibandika juu ya karo la kuoshea vyombo, rangi mchanganyiko: kijani, maua, kahawia ya choo. Nilimwambia mama kuwa huo ni usanii. Akasema, "Ni takataka, lakini imenyooka." Kutoka kwake hiyo ni sifa.

Misumari ya dirisha niliitoa siku moja alasiri. Lilipofunguka, jua liliingia mpaka kwenye ukuta wa pili, na mama, aliyekuwa akipaka rangi nyeupe, akasimama na brashi mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona mama akiangalia kitu nyumbani kwetu kwa furaha namna ile. "Sasa ataona vizuri, masikini," alisema. "Miaka yote kapika gizani."

Kisha tukapanga. Jiko la makaa tulilitoa uani. Jirani aliyekuwa akihama alituachia meko ya gesi ya mashiga mawili. Kinu tukakipeleka pembeni. Rafu ya mbao za Shimanzi tukaiweka mkono wa kulia, palipo na mwangaza. Na yale makopo yenye kutu nikayatupa. Nilinunua mitungi ya plastiki minane, yote sawa, vifuniko vyeupe, na kwa hati yangu nzuri kabisa nikaandika: Sukari. Chumvi. Majani. Hiliki. Unga. Nilichora na maua.

Mama mkubwa alimrudisha Bibi siku ya Jumamosi. Plasta imetolewa, mkono umekonda. Mama mkubwa alitangulia jikoni. Akazunguka, akafungua dirisha, akalifunga, akapitisha kidole juu ya rafu. Akamwangalia mdogo wake. "Mashaallah," alisema. "Nyinyi wawili? Peke yenu?" Nikajua tumeshinda.

Bibi akasimama kizingitini. Akavuta pumzi puani.

"Mmepaka rangi."

"Unaionaje, Bibi?" nilimuuliza.

"Nzuri sana. Mungu awape."

"Ipi umeipenda zaidi, ya juu au ya chini?"

"Zote," alisema. Palikuwa na rangi moja tu. Nilicheka, nikidhani anatania.

Akasema mwanawe hawezi kutoka safari asinywe chai, na chai atapika yeye. Tukasogea kumpisha, mama amekunja mikono kama mwenye harusi. Bibi akapiga hatua zake nne, akageuka kushoto, akanyoosha mkono kwenye makopo. Mkono ukashika ukuta. Akaupapasa ukuta juu, akaupapasa chini. Mguu wake ulikuwa ukisugua sakafu, kidole gumba kikitafuta kitu.

"Kulia, Bibi," nikasema. "Kwani umesahau kusoma? Nimeandika kwa herufi kubwa kama za duka."

Wote tulicheka. Naye akacheka. Akaifikia rafu, akashika mtungi, akauacha, akashika mwingine, akaugeuza mkononi pande zote. Akafungua mmoja akaunusa. Akachota, mama akamwashia gesi.

Tuliketi kwenye mkeka. Mama mkubwa alikunywa funda moja, akakiweka kikombe chini taratibu. Ilikuwa chumvi. Bibi alikuwa bado pale kwenye meko, akitaka kuizima gesi. Makaa humwambia mtu yalipo, gesi haisemi. Aliteremsha kiganja polepole, akitafuta joto, akalipata pale alipolishika shiga.

Aliuficha mkono ndani ya leso.

Mama mkubwa akainuka, akasimama mbele yake, nyuso karibu kugusana. Akainua mkono wake mtupu.

"Mama, nimeshika nini?"

"Waniuliza kama mtoto mbele ya mjukuu wangu?"

"Naomba uniambie tu. Nimeshika nini?"

"Kikombe," Bibi akasema.

Mama aliinuka akaizima gesi.

Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Si jana wala juzi. Bibi mwenyewe, alipobanwa sana, alisema yalianza kuziba pembeni nilipokuwa darasa la sita, na yakafunga kabisa baadaye, hakumbuki lini. Mimi sasa niko kidato cha tatu. Nilikumbuka msahafu aliokuwa akiufungua mapajani kila alfajiri na kusoma, na kwamba sikupata kumwona akifungua ukurasa wa pili. Nilikumbuka samaki wangu changu. Bibi alikuwa akicheka mama akicheka, akimfuata yeye. Tukiwa peke yetu hakuwa na wa kumfuata. Miaka yote nimemgeuzia uso mtu asiyeuona, na akanificha ili nisijue.

"Kwa nini hukusema?" mama alimuuliza. Alikuwa akilia waziwazi.

"Nikisema mtanikalisha," Bibi alijibu. "Na mimi sijui kukaa."

Asubuhi nilishuka jalalani kutafuta makopo. Wakusanya vyuma walikuwa wameshapita. Nikarudi, nikachukua nyundo, nikaanza kuivunja sakafu mbele ya mahali lilipokuwa jiko la makaa. Nilivunja nusu saa. Simiti iliruka, nikapata shimo, nikapata nyufa tatu, hakuna hata mmoja uliokuwa ule. Sikulikumbuka umbo lake. Nilikuwa nimeupita maelfu ya mara na sikuukumbuka ulipinda wapi.

Bibi alikuja akasimama nyuma yangu, mkono umefungwa bendeji. "Wavunja nini?"

"Nakurudishia sakafu yako."

"Wacha, mwanangu. Umeshaitengeneza vizuri. Nimeipitisha mguu, imelala kama maji." Akaniwekea mkono kichwani, akakosa kidogo, ukaangukia sikio. "Nilimwambia mamako vyombo msihamishe. Sikumwambia kwa nini. Kosa ni langu pia."

Nilimwomba mama mkubwa. Nilisema tutarudisha kila kitu, nitafunga mipira kwenye mitungi, nitaacha shule nikae naye. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. "Si jiko tena," alisema. "Ni macho. Mamako yuko kazini kutwa, wewe uko shule. Akiwaka moto nani atamwona?" Sababu ya mama mkubwa kumchukua Bibi alipokuja mara ya kwanza ilikuwa ni jiko bovu. Tukalitengeneza, na jiko zuri ndilo lililomshitaki. Lile bovu lingemficha mpaka leo.

Waliondoka Jumatatu. Bibi alikuwa na mkoba mmoja. Alipita jikoni akaaga kwa kuigusa rafu, akasema mbao ni nzuri, zimepigwa msasa sawasawa. Hazikupigwa msasa sawasawa.

Majirani huja kuangalia jiko letu. Huuliza fundi ni nani, na mama hunionyesha mimi kwa kidevu, na huwa sisemi kitu, jambo ambalo huwafanya waniulize kama naumwa. Napika humo kila siku. Ni jiko jema. Nuru yake huingia mpaka saa kumi.

Idi tulikwenda Malindi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kochi sebuleni, kavalishwa vizuri, kanenepa. Kila kitu huletewa. Mtumishi akamletea chai, akamshikisha kikombe kwa mikono miwili kama anayempa mtoto. Mama mkubwa anampenda, sitamsingizia. Humpaka mafuta miguu kila usiku. Lakini mlango wa jiko lake una ufunguo, na ufunguo huwa shingoni mwake tangu siku alipomkuta Bibi humo, amesimama katikati, mikono imenyooshwa.

Mama na dadake walipoingia chumbani kuangalia vitambaa, Bibi akanivuta karibu.

"Kutoka hapa kochini mpaka mlango wa jiko ni hatua kumi na moja," alininong'oneza. "Hapo naishia. Ndani sikujui. Nenda kaombe maji."

Nikaenda. Mama mkubwa akatoka chumbani, akafungua mlango, akasimama nami mpaka nilipomaliza kunywa. Niliangalia kadiri nilivyoweza. Nikarudi nikaketi.

"Ukiingia, meko yako kushoto, hatua mbili," nilimwambia. "Karo liko mbele, chini ya dirisha. Friji kulia. Vikombe vimetundikwa."

Bibi akafumba macho, midomo ikicheza. Kushoto mbili. Mbele karo. Kulia friji. Akayarudia mara ya pili.

"Sukari?"

"Juu ya friji, mkebe mrefu."

"Na chumvi?"

"Chumvi sikuiona, Bibi."

Alinibonyeza goti.

"Nenda tena. Waambie una kiu."